SOMO LA NANE: REDIO YA NYUMBANI NA FEDHA ZA KOROSHO

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Leo tutazitumia hesabu hizo katika jambo ambalo kila nyumba inalijua. Jambo hilo ni redio na muziki. Swali letu ni moja: Je, mashine ya muziki inagharimu fedha kiasi gani hasa?

Chukua daftari na kalamu. Kila hesabu utakayoisoma humu, iandike wewe mwenyewe.

1. MUZIKI SI KOSA

Muziki ni kitu chema. Mtu aliyeshinda shambani au baharini anahitaji kuburudika. Somo hili halikukatazi kununua mashine ya muziki. Linakufundisha kuhesabu kabla ya kununua.

Watu wa pwani wamependa muziki wa mashine tangu zamani. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, India. Huko aliimba nyimbo za Kiswahili, zikatiwa katika santuri. Santuri hizo zilipigwa kwa gramafoni. Wenye gramafoni walikuwa wachache, lakini wasikilizaji walikuwa wengi.

Baadaye ikaja redio. Mwaka 1951 kituo kidogo cha utangazaji kilianza kazi Dar es Salaam. Mwaka 1965 utangazaji huo uliwekwa chini ya Serikali, ukaitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Leo kazi hiyo inafanywa na TBC. Baada ya redio zikaja redio kaseti. Siku hizi vijijini tunaona sabufa, yaani mashine yenye spika inayovuma, ambayo husoma nyimbo kutoka katika flashi.

Redio pia ni mwalimu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikutana katika vikundi. Kila kikundi kilikaa kuizunguka redio moja na kusikiliza mafunzo juu ya malaria, safura, kichocho na kuhara. Kisha watu wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Redio moja ilitosha kufundisha kikundi kizima.

Redio pia ni mlinzi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kabla ya siku hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa tahadhari kwa watu wa Mtwara na Lindi. Upepo ukivuma kwa nguvu umeme hukatika. Wakati kama huo, redio ndogo ya betri ina faida kuliko mashine kubwa ya umeme.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiulize tu, "Ipi ina kelele kubwa?" Uliza, "Nataka inifanyie kazi gani?"

2. FEDHA ZA KOROSHO HUJA KWA MSIMU

Mvuvi wa Msimbati au Msangamkuu hupata fedha kidogo kidogo. Mfanyakazi wa mshahara hupata fedha kila mwezi. Mkulima wa korosho hana bahati hiyo. Yeye hungoja msimu.

Korosho zetu huanza kuuzwa mnadani kuanzia mwezi wa Oktoba. Mkulima huzipeleka kwenye chama chake cha msingi. Chama huzipeleka ghalani. Zikishauzwa, mkulima hulipwa kwa njia ya benki. Mkulima haipangi bei, nayo hupanda na kushuka. Mwaka 2018 Serikali yenyewe iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Miaka mingine bei imekuwa chini ya hapo.

Fedha zikija kwa pamoja huonekana nyingi. Lakini fedha hizo ni za mwaka mzima. Zimebeba chakula cha Februari, palizi, sare za shule na dawa ya mtoto atakayeugua. Zote zimo katika mfuko mmoja. Asiyezigawa kwa kalamu, atagawiwa na shida.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. HESABU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Mume na mke wana watoto watatu. Wamevuna kilo 600 za korosho. Tuseme kwamba baada ya makato yote wanapata shilingi 2,000 kwa kila kilo.

Kilo 600 mara shilingi 2,000 = shilingi 1,200,000.

Sasa tuandike mahitaji yao mpaka msimu mwingine:

Chakula cha kuongezea, miezi ya upungufu: shilingi 300,000
Palizi na kupulizia dawa mikorosho: shilingi 250,000
Kutengeneza paa la nyumba: shilingi 200,000
Matibabu na dharura: shilingi 150,000
Sare, daftari na viatu vya shule: shilingi 120,000
Jumla: shilingi 1,020,000

Tutoe: 1,200,000 – 1,020,000 = shilingi 180,000.

Hizi shilingi 180,000 ndizo fedha za burudani na mambo mengine yasiyo ya lazima. Si milioni moja na laki mbili. Ni laki moja na elfu themanini. Mtu akienda dukani bila kufanya hesabu hii, mfukoni huona milioni.

4. WATI NA UNITI

Kabla ya kulinganisha mashine, tujifunze namna mashine inavyokula umeme.

Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati. Kifupi chake ni herufi W. Mashine ya wati 200 hula umeme mara tano ya mashine ya wati 40, zikifanya kazi kwa saa zilezile.

Jihadhari na maandishi ya boksi. Nje ya boksi utaona namba kubwa sana, kama 5,000 au 10,000, pamoja na herufi PMPO. Namba hiyo imewekwa ili kuvuta wanunuzi. Haionyeshi nguvu ambayo mashine inaitoa muda wote inapopiga. Geuza mashine, utazame kibandiko cha nyuma. Karibu na mahali pa waya wa umeme kuna namba ndogo zaidi yenye W. Hiyo ndiyo inayokuambia mashine inakula umeme kiasi gani.

Uniti moja ya LUKU ni sawa na wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Njia ya kuhesabu ni hii:

Wati mara saa za siku, mara siku 30, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti za mwezi.

Mfano: Mashine ya wati 40 inapigwa saa 5 kila siku.
40 mara 5 = 200
200 mara 30 = 6,000
6,000 gawanya kwa 1,000 = uniti 6 kwa mwezi.

Tuseme uniti moja ni shilingi 125. Uniti 6 ni shilingi 750 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 9,000. Kumbuka pia kwamba nyumba inayotumia umeme mdogo hulipa bei nafuu kwa uniti. Matumizi ya nyumba yakizidi kiwango cha bei nafuu, kila uniti huwa ghali zaidi.

Na wenye sola je? Hesabu ni ileile. Paneli ya wati 50, ikipata jua zuri kwa saa 5, hutoa 50 mara 5 = 250. Sabufa ya wati 40 ikipigwa saa 5 hula 200. Zinabaki 50 za taa na simu, na betri nayo hupoteza kidogo. Mashine ya wati 200 ikipigwa saa 5 hula 1,000. Paneli hiyo haiwezi. Kwa hiyo mwenye sola atazame kama mashine inakubali volti 12, na kama wati zake zinalingana na paneli yake.

5. MASHINE TATU

Sasa tulinganishe mashine tatu. Bei hizi ni za mfano. Wewe nenda dukani Mtwara mjini, au kwenye duka la karibu, uulize bei ya siku hiyo.

Mashine ya kwanza: Redio ndogo ya betri
Bei ya dukani: shilingi 30,000
Betri kwa mwaka (2,000 kila mwezi): shilingi 24,000
Jumla ya mwaka wa kwanza: shilingi 54,000

Mashine ya pili: Sabufa ndogo ya wati 40
Bei ya dukani: shilingi 130,000
Nauli ya kwenda na kurudi: shilingi 10,000
Flashi: shilingi 10,000
Umeme wa mwaka: shilingi 9,000
Akiba ya matengenezo: shilingi 15,000
Jumla ya mwaka wa kwanza: shilingi 174,000

Mashine ya tatu: Mashine kubwa ya wati 200, yenye spika ndefu mbili
Bei ya dukani: shilingi 450,000
Nauli na kubebesha mzigo: shilingi 20,000
Flashi: shilingi 10,000
Umeme wa mwaka (uniti 30 kwa mwezi): shilingi 45,000
Akiba ya matengenezo: shilingi 35,000
Jumla ya mwaka wa kwanza: shilingi 560,000

Umeona? Duka linataja 450,000. Nyumba inalipa 560,000. Tofauti ni shilingi 110,000. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Sasa tuzigeuze fedha ziwe korosho, maana korosho tunazifahamu kwa mikono yetu. Gawanya kila jumla kwa 2,000.

Redio ndogo: 54,000 gawanya kwa 2,000 = kilo 27
Sabufa ndogo: 174,000 gawanya kwa 2,000 = kilo 87
Mashine kubwa: 560,000 gawanya kwa 2,000 = kilo 280

Kilo 280 katika kilo 600 ni karibu nusu ya mavuno. Fikiri kazi yake. Kupalilia, kupulizia dawa, kuokota moja moja chini ya mkorosho, kuzitenganisha na mabibo, kuanika, kuchambua. Karibu nusu ya kazi hiyo imesimama pembeni ya ukuta, inapiga muziki.

Nyumba yetu ya mfano ilibakiwa na shilingi 180,000. Redio ndogo inaingia. Sabufa ndogo inaingia, na zinabaki shilingi 6,000. Mashine kubwa haiingii. Inapungukiwa na shilingi 380,000. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka kwenye chakula, paa, palizi au matibabu. Hakuna mahali pengine.

Tena kuna jambo la kusikitisha. Mashine iliyonunuliwa Novemba kwa 450,000, Februari haina bei hiyo tena. Njaa ikibisha hodi, mwenye mashine huiuza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anajua kwamba muuzaji ana shida.

6. USIUZE KOROSHO ZIKIWA BADO MTINI

Wako wasiongoja msimu. Wanaiona mashine mwezi wa Agosti, wanaitamani, hawana fedha. Ndipo anapokuja mnunuzi wa kangomba. Kangomba ni biashara ya kununua korosho nje ya chama, kwa bei ya chini na kwa kipimo cha bakuli badala ya mizani. Biashara hii hairuhusiwi. Mnunuzi humpa mkulima fedha mapema, na mkulima huahidi korosho ambazo bado hazijaanguka.

Tufanye hesabu. Tuseme mkulima anataka shilingi 450,000. Mnunuzi anazihesabu korosho kwa shilingi 1,000 kwa kilo.

450,000 gawanya kwa 1,000 = kilo 450.

Angengoja kuuza kwenye chama kwa shilingi 2,000:

450,000 gawanya kwa 2,000 = kilo 225.

Kwa kutokungoja miezi michache, amepoteza kilo 225. Zaidi ya hayo, kati ya kilo zake 600 zimebaki 150 tu. Kilo 150 mara 2,000 ni shilingi 300,000. Hizo ndizo za kula, kulima, kusomesha na kutibu mpaka mwaka mwingine. Muziki unapiga, lakini jikoni hakuna moshi.

7. MAZUNGUMZO YA NYUMBANI

Someni mazungumzo haya darasani. Mmoja asome maneno ya mume, mwingine ya mke.

Mume: Mama watoto, mwaka huu nataka sabufa kubwa. Nyumba ya jirani inasikika mpaka barabarani.

Mke: Nami napenda muziki, baba watoto. Lakini nani aliokota korosho?

Mume: Tuliokota wote.

Mke: Basi tuamue wote. Lete daftari la mtoto.

Mume: Haya. Tumepata milioni moja na laki mbili.

Mke: Andika chakula kwanza. Mwaka jana Februari tulikopa unga.

Mume: Nimeandika. Palizi nayo?

Mke: Iandike. Paa pia. Mvua ikinyesha tunahamisha kitanda.

Mume: Jumla ni milioni moja na elfu ishirini. Kumbe zimebaki laki moja na elfu themanini tu!

Mke: Hizo ndizo za muziki. Je, zinatosha sabufa kubwa?

Mume: Hazitoshi. Ndogo inatosha.

Mke: Na ile redio yetu ya betri tusiitupe. Umeme ukikatika tutasikia habari za hali ya hewa.

Mume: Kweli. Na sherehe ya mtoto ikifika?

Mke: Siku moja ya sherehe tutakodi mashine kubwa. Kukodi siku moja si sawa na kununua.

Mume: Umesema vema. Tutakwenda mjini pamoja.

Ndugu msomaji, tazama kwamba hakuna aliyemshinda mwenzake hapa. Hesabu ndiyo iliyoamua. Watu wengi hununua mashine kubwa kwa ajili ya sherehe za siku mbili au tatu katika mwaka. Siku nyingine zote hutumia sauti ndogo tu. Pia majirani wanaweza kujiunga katika kikundi, wakanunua mashine moja ya kukodisha. Wakifanya hivyo, mashine italeta fedha badala ya kuzila. Lakini wawe na daftari la mapato, fundi wanayemjua, na mtu mmoja wa kuitunza.

8. KUNUNUA NA KUTUNZA

Ukienda dukani fanya haya:

Kwanza, nenda na fedha ulizopanga tu. Nyingine ziache benki.

Pili, nenda na flashi yako. Iambie mashine ipige wimbo unaoujua. Sikiliza sauti ndogo, kisha sauti kubwa. Spika mbovu hukwaruza.

Tatu, soma kibandiko cha nyuma. Tazama wati na volti.

Nne, dai risiti. Uliza dhamana ni ya miezi mingapi, uandikiwe. Ukiuziwa kitu cha bandia, risiti ndiyo shahidi wako. Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia.

Nyumbani, itunze hivi:

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huleta kutu. Usiweke mashine kwenye dirisha linaloelekea baharini. Ifunike kwa kitambaa kikavu inapolala. Ifunue inapopiga, isije ikapata joto.

Mvua za radi zikija, chomoa waya. Umeme ukikatika, chomoa vilevile. Unaporudi huweza kuja kwa nguvu ukaunguza mashine.

Usiifungulie sauti mpaka mwisho. Spika hupasuka, masikio huumia, na jirani mwenye mgonjwa hapati usingizi.

9. TUKUMBUKE

Bei ya dukani si gharama yote. Ongeza nauli, umeme au betri, na matengenezo.
Toa mahitaji ya nyumba kwanza. Kinachobaki ndicho cha muziki.
Geuza bei iwe kilo za korosho. Kilo hazidanganyi.
Usiuze korosho zilizo mtini.
Amueni mume na mke pamoja, kwa maandishi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Dhamana: ahadi ya mwenye duka ya kutengeneza au kubadilisha kitu kikiharibika.
Makato: fedha zinazopunguzwa kabla mkulima hajalipwa.
Wati: kipimo cha nguvu ya umeme.
Kibandiko: karatasi iliyogandishwa juu ya kitu, yenye maelezo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kampeni ya mwaka 1973 ilitumia redio kwa njia gani? Je, darasa letu linaweza kufanya hivyo leo?
2. Kwa nini mkulima wa korosho anahitaji kupanga fedha kuliko mtu wa mshahara?
3. Kwa nini watu huingia katika kangomba? Kijiji chetu kifanye nini?
4. Katika nyumba zetu, nani huamua matumizi ya fedha za korosho? Je, ndivyo inavyopasa?

MAZOEZI YA HESABU

1. Mashine ya wati 60 inapigwa saa 4 kila siku. Inakula uniti ngapi kwa siku 30?
2. Redio inagharimu shilingi 90,000 kwa jumla. Korosho ni shilingi 1,800 kwa kilo. Ni kilo ngapi?
3. Andika mapato ya nyumba yako ya mwaka jana. Chini yake andika mahitaji yote. Toa. Umebakiwa na shilingi ngapi? Jibu hili si la mwalimu. Lipeleke nyumbani, ulisome pamoja na watu wako.

MAJIBU: La kwanza, uniti 7 na sehemu 2 za kumi. La pili, kilo 50. La tatu unalo wewe.